Miiko ya Memsabu Nyumbani kwa Baba

Ninyi mliotembea peku hadi shuleni na umande ukawaosha miguu bure, mliofukua viazi vitamu kwenye majivu ya moto mkaungua vidole na bado mkacheka, hebu sogeeni karibu. Hawa watoto wa siku hizi tuwaache kidogo na simu zao. Ninayotaka kusimulia hawatayaamini, na wakiyaamini watayacheka vibaya. Sisi tutayacheka vizuri kwa sababu tulikuwepo.

Nimelelewa mahali pawili. Kwanza ni kwenye shamba la mzungu nje ya mji wa Kitale, ambako Baba alikuwa mpishi. Tuliishi kwenye laini za wafanyakazi, vijumba vya udongo vilivyopangwa mstari. Upande huu Wabukusu wenzetu, upande ule familia zilizotoka Nyeri na Kiambu, na sisi watoto wote tulizungumza Kiswahili kimoja kibovu ambacho mpaka leo nakipenda. Asubuhi baridi ya Kitale ilituuma masikio, tukajikunyata jikoni tukingoja uji wa wimbi. Mchana tulibebana kwenye migomba iliyokatwa, tukiteleza nayo mlimani mpaka nguo zinatoboka nyuma. Mama alikuwa akishona kiraka juu ya kiraka. Kuna gauni langu moja ambalo mwishowe hakuna mtu aliyekumbuka lilianza na rangi gani.

Mwenye shamba hatukumwona sana. Tuliyemjua ni mke wake, ambaye wote tulimwita Memsabu. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye kofia pana kama ungo, na alikuwa na methali ya Kiingereza kwa kila jambo. Sufuria ikiungua, methali. Mvua ikichelewa, methali. Mbwa akitapika kwenye zulia, hapo zilikuja mbili. Na kwa kuwa alimtakia Baba mema, alizitafsiri palepale kwa Kiswahili chake cha jikoni. "Pishi," angesema akinyoosha kidole, "hii maneno ya baba yangu. Wewe nashika sana." Methali zilimfikia Baba zikiwa zimevunjika miguu na mikono, lakini Baba alizishika. Jamani, alizishika!

Sasa sikilizeni kosa lake, maana ni kosa ambalo angelifanya mtu wa kwetu tu. Kwetu mtu hahesabu watoto wake mbele ya watu. Ng'ombe wake pia hawahesabiwi kwa sauti. Ukiulizwa una watoto wangapi unajibu "wapo tu", basi. Ukihesabu unawaitia mkosi. Ni mwiko, na mwiko hauulizwi sababu. Siku moja Baba alikuwa nyuma ya jikoni kwa Memsabu ameinama kwenye kiota cha kuku anayelalia, akipiga hesabu ya vifaranga atakaopata kabla hata yai moja halijapasuka. Memsabu akatokea na ile methali yao ya vifaranga. Mnaijua. Maana yake ni kwamba mtu asijivunie kitu ambacho bado hajakipata. Lakini Baba hakusikia hivyo. Alichosikia ni kwamba kumbe wazungu nao wana mwiko wa kuhesabu!

Alirudi kwenye laini karibu anakimbia, aproni bado imefungwa kiunoni. "Mama Nekesa," akamwambia Mama, "leo nimejua. Hawa watu si ati wametuzidi akili. Wanashika miiko yao. Sisi yetu tunaichezea." Mama akamuuliza kama amekumbuka sukari.

Tangu siku hiyo hakuna methali ya Kiingereza iliyomfikia Baba ikabaki methali. Zote zilikuwa miiko. Na nataka mjue kwamba hakuwa mjinga. Mtu aliyeweza kuoka keki kwenye debe, kwa kukisia moto kwa kiganja tu, si mjinga. Lakini kila siku alitoka kwenye nyumba ya madirisha ya vioo akaja kulala kwenye nyumba ambayo mvua iliingia bila kupiga hodi, na alitaka sana kujua tofauti inatoka wapi. Alitaka ajue kwa ajili yetu. Nikikumbuka hilo huwa siwezi kumcheka mpaka mwisho.

Memsabu alipouza shamba akarudi kwao Ulaya, alimwachia Baba birika la bati, aproni mbili na miiko yote hiyo. Tukahamia nyumbani kwetu Kabuchai, upande wa Bungoma, na hapo ndipo sehemu ya pili ya utoto wangu ilipoanza. Sehemu ya vituko.

Tuanze na mayai. Ile methali ya mayai na kikapu mnaijua, inamwonya mtu asiweke tumaini lake lote mahali pamoja. Baba aliitekeleza kama ilivyo. Siku ya soko la Chwele watoto wote wa nyumba yetu tulipangwa mstari, kila mmoja na kikapu chake, na ndani ya kila kikapu yai moja. Basi tukatembea hivyo barabara nzima, kwa uangalifu, kama watu wanaosindikiza maiti. Wanawake wa sokoni walikuwa wakituona kutoka mbali wanaanza kuitana. "Njooni muone, wale wa yai moja moja wamekuja!" Mama alikuwa akitembea nyuma sana ili aonekane hatujui.

Kulikuwa na mwiko wa jiwe, ule unaowasema watu wasiotulia mahali pamoja kwamba hawapati cha kuwafaa. Memsabu alikuwa ametaja kitu kama majani madogo yanayoota juu ya jiwe lililotulia. Baba akaamuru mafiga yetu ya jikoni yasisogezwe kamwe, ili yaote majani. Mafiga, jamani! Mawe yanayokaa ndani ya moto kutwa! Alikuwa akiinama kila Jumapili kuyachungulia kama yameanza.

Na mwiko wa ndege yule anayewahi kutoka. Huo maana yake Baba aliikaribia, kwamba anayeamka mapema ndiye anayefaidi, na kwa kweli ulitupa kumbikumbi. Mvua za kwanza zikinyesha tulikuwa tumefika kwenye kichuguu kabla ya watoto wote wa kijiji, tunagongagonga vijiti juu ya ubao ili wadhani mvua imerudi, nao wanatoka wakimetameta mabawa. Tuliwala wakiwa bado wanatembea ulimini. Waliobaki Mama aliwakaanga na chumvi. Mpaka leo nikisikia mvua ya kwanza ikipiga mabati, mate yananijaa mdomoni. Wajukuu zangu ukiwaambia yule ni mdudu wa kuliwa wanapiga kelele, halafu wanakwenda dukani kununua kitu chekundu kwenye karatasi ambacho hakuna anayejua kimetengenezwa na nini.

Mama naye hakuwa mtu wa kuonewa. Baba alipotangaza mwiko wa wapishi, ule unaosema kazi moja ikishikwa na watu wengi inaharibika, akasema katika nyumba yake chungu kitaguswa na mpishi mmoja tu. Mama alifuta mikono kwenye leso, taratibu. "Ni sawa kabisa," akasema. "Na hapa mpishi mwenye cheti cha mzungu ni nani? Si ni wewe?" Akatoka nje akakaa kivulini. Baba akapika. Alipika mchana, akapika jioni, na kesho yake akapika tena. Mnajua enzi zile mwanamume kuonekana na mwiko wa ugali mkononi, nyumbani kwake mwenyewe, Kabuchai! Majirani walijifanya wamekuja kuomba moto ili tu wachungulie. Mwishowe Baba akasema mpishi mmoja huyo anaweza kuwa Mama.

Lakini ulionichekesha kupita yote ni ule wa tunda na daktari. Memsabu alikuwa na miti ya matofaa iliyozaa vitunda vidogo, vichachu, vya kukunja uso, na alikula kimoja kila siku ya Mungu huku akimweleza Baba kwamba ndicho kinachomweka daktari mbali. Maana yake ni kwamba ukila vizuri hutaugua. Baba alielewa kwamba madaktari hawawezi kustahimili tunda, kama vile nyoka asivyostahimili moshi. Kwa kuwa Kabuchai hakukuwa na matofaa, alihamishia mwiko kwenye mapera.

Basi Mama akaugua malaria kali. Tukampandisha kwenye baiskeli, Baba akisukuma na sisi watoto tukishikilia nyuma, mpaka hospitali ya misheni Lugulu. Kabla hatujafika langoni Baba akatusimamisha na kuanza kutupekua. Mimi nilikutwa na pera mfukoni. Alilichukua kwa vidole viwili akalitupa mbali kichakani, akanipa maji nisukutue mdomo. "Unataka daktari atoroke, mama yako afe?" akaninong'oneza. Tukaingia. Daktari akaja, akamshika Mama mkono, akampa dawa, hakutoroka. Baba alipumua. Kisha daktari akasema kwamba mama akipata nafuu ale matunda kwa wingi. Baba alimtazama kwa huruma, kama mtu anayemwona mwenzake akijifukuza kazi.

Shuleni nilikuja kupata taabu kwa sababu ya elimu hii. Mwalimu wetu alipoanza kutufundisha methali za Kiingereza na maana zake, mimi niliinua mkono kabla hajamaliza kuandika ubaoni. Nikaeleza darasa zima kuhusu madaktari na mapera. Mwalimu aliweka chaki chini, akaenda dirishani, akakaa huko akitazama nje mabega yakimtetemeka. Aliporudi akanifundisha maana zote, moja moja, kwa upole. Nilirudi nyumbani nikitaka kumweleza Baba. Nilimkuta amechuchumaa mbele ya mafiga akitafuta majani. Nikachuchumaa kando yake nikatafuta naye.

Haya yote yalikuwa vichekesho mpaka ilipofika zamu ya dada yangu Nekesa.

Nekesa ndiye aliyekuwa mkubwa wetu. Alikuwa msichana wa kicheko kikubwa na mikono isiyotulia, na alikuwa amempenda kijana mmoja fundi wa baiskeli kutoka Lugulu, jina lake Simiyu. Simiyu alikuwa akija kwetu kutengeneza baiskeli ya Baba kila mara. Baiskeli ile haikuwa mbovu. Nekesa alikuwa akiilegeza mnyororo asubuhi, na mchana Simiyu anafika "akipita tu". Baba akamsifu kwamba ni fundi mwenye bahati, kila akipita anakuta kazi. Mwaka mzima hivyo. Hatimaye Simiyu akatuma wazee wa kwao, wakazungumza na wazee wa kwetu, wakakubaliana ng'ombe, ikabaki siku ya kuwaleta.

Kwa wale ambao hawakuona mahari ya miguu minne, acha nieleze mchezo ulivyokuwa. Wakwe wanaleta ng'ombe wazuri, lakini katikati yao wanachomeka mmoja wa hovyo, mzee, karibu aanguke. Hiyo si dharau. Yule mzuri wa badala yake wamemficha kwa jirani. Wazee wa upande wa binti wanamkamata yule wa hovyo, wanamfunua mdomo watazame meno, wanapiga kelele, wanashika kichwa, wanasema wametukanwa, kwamba binti yao hawezi kutolewa kwa mzoga. Wakwe nao wanajitetea kidogo, wanaomba radhi, wanamleta yule mzuri. Kila mtu anafurahi, chakula kinaliwa. Ile kelele ndiyo inayoonyesha kwamba binti ana kwao na anapendwa. Kila mtu katika Bungoma yote alijua hivyo.

Siku yenyewe ilianza vibaya. Shangazi zetu walikuja alfajiri na sufuria zao kusaidia kupika, kama desturi, na Baba akawazuia mlangoni kwa mwiko wake wa wapishi. Akawarudisha. Mama akabaki peke yake na kuku wote wale na unga wote ule, akipika huku akisema mambo ambayo siwezi kuyarudia hapa. Wakwe walifika, wakakaa, jua likasogea, wakaendelea kukaa. Waliona chai tu.

Wakaletwa ng'ombe. Na katikati yao, kama ilivyotazamiwa, alikuwepo bikizee mmoja mweusi, mgongo umebonyea, anatembea kama anayefikiria kila hatua. Alikuwa ametengwa kwa ajili ya mjomba wetu, kaka yake Mama, kwa sababu kwetu mjomba ana ng'ombe wake katika mahari. Sisi tulimwita Khocha, kama tunavyowaita wajomba kwa Kibukusu. Khocha alisimama, akakunja mikono ya koti, akamwendea yule ng'ombe kwa furaha ya mtu aliyengojea sehemu yake katika mchezo.

"Hapana!" Baba akasema. "Toa mkono, shemeji."

Khocha akageuka. "Nitoe mkono wapi?"

"Hakuna mtu atamfunua mdomo. Hii ni zawadi. Kuna mwiko."

Mnaijua ile methali yao, kwamba mnyama wa zawadi hafunuliwi mdomo. Inawafunza watu kushukuru wanachopewa bila kutafuta kasoro. Ni adabu nzuri, nakubali. Lakini si siku ile.

"Mwiko wa nani?" Khocha akauliza.

"Wa wazungu."

"Rakini wazungu wameoa kwetu rini?" Khocha akipandwa na hasira alikuwa akichanganya sauti zote. "Si hii ni mahari, bana! Si zawadi!"

 Baba alimgeukia msemaji wa wakwe, mzee mmoja mfupi mwenye fimbo, akasema kwa sauti ya heshima aliyoipata kwenye meza ya Memsabu, "Tumempokea. Tunashukuru."

Msemaji alikuwa ameshavuta pumzi ya kujitetea. Akabaki nayo kifuani. "Mmempokea huyu?"

"Huyu."

"Na hamtamtazama?"

"Hatutazami."

Mzee aliketi polepole. Wakwe wakaanza kunong'onezana. Mimi nilikuwa na Nekesa nyuma ya ukuta wa jikoni, tukichungulia penye ufa, na niliuona uso wake ukibadilika kabla sijaelewa chochote. Yeye alikuwa ameelewa.

"Mzee," msemaji akasema, na sasa hakuwa akitania, "sisi tunakuheshimu. Rakini huyu ng'ombe alizaliwa kabla reli haijafika hapa. Sisi wenyewe tunajua. Mtu akipokea kitu kama hiki bila kukitazama, ati anashukuru, ana haraka ya nini? Tuambie tu ukweli. Huyu binti ana shida gani? Ni kifafa?"

Jamani!  Baba hakuwa na mwiko wa kujibu swali kama lile. Khocha akalipuka kwamba binti hana shida, mwenye shida ni baba yake, na hilo halikusaidia kitu, kwa sababu sasa wakwe waliona ugonjwa wenyewe upo katika ukoo. Mzee mfupi akasimama, na wenzake wakasimama. Wakaanza kufungua kamba za ng'ombe. Simiyu, ambaye kwa adabu hakutakiwa kusema neno, alikuwa amekaa mwisho kabisa amekunja kofia yake mikononi mpaka imekuwa tambara.

"Wakivuka mto hawarudi," Nekesa akaniambia.  Nilimshika gauni, na gauni likanitoka mkononi.

Alitoka jikoni na unga mikononi. Mnajua kwamba binti hatakiwi kuonekana mahari yake inapozungumzwa. Anakaa ndani, anajifanya hajui kuna nini. Yeye alipita katikati ya wazee wa pande zote mbili, akamshika yule ng'ombe pua kwa mkono mmoja na taya kwa mkono wa pili, akamfunua mdomo wazi kabisa. Akachungulia. Kisha akawageuzia wote waone.

"Ya chini yameisha," akasema. "Huyu anakula kwa imani. Mrudisheni mlikomtoa, na mlete yule mliyemficha kwa jirani. Najua mmemficha. Kila mtu anajua."

 Akamwachia ng'ombe, akamwendea mzee mfupi mwenye fimbo mpaka wakawa uso kwa uso.

"Na mimi mnauliza nina shida gani? Haya. Nitazameni."

Akapanua mdomo wake mwenyewe, wote, kama mtu aliye mbele ya daktari wa Lugulu. Alikuwa na meno mazuri sana dada yangu, hata yale ya chini ambayo bibi zetu walikuwa wakiyang'oa kwa desturi. Na yule mzee, nawaapia, aliinama akatazama. Alitazama juu, akatazama chini, akainamisha kichwa apate mwanga vizuri. Halafu akanyooka.

"Huyu hana kifafa," akawatangazia wenzake. "Huyu ana hasira tu. Reteni yule mwekundu!"

Kicheko kilichopasuka hapo kilisikika nadhani mpaka Chwele. Khocha alikaa chini kwenye vumbi na koti lake zuri. Shangazi waliokuwa wamerudishwa, kumbe hawakwenda mbali, walikuwa nyuma ya ua, wakaingia na vigelegele na sufuria zao, na hakuna mtu aliyewauliza habari ya mwiko. Simiyu alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, na kofia yake haikuwahi kurudi umbo lake tena.

Baba peke yake hakucheka. Alikuwa amesimama pale aliposimama tangu mwanzo. Kisha akajipiga paji la uso kwa kiganja.

"Nimekumbuka," akasema. "Memsabu alisema farasi."

Khocha akamtazama kutoka chini. "Na hapa wewe ulikuwa unaona farasi?"

"Ng'ombe ni ruhusa," Baba akasema. "Ni farasi tu ndiye hatazamwi." Akaenda akamtazama yule mwekundu mdomo mwenyewe, kwa muda mrefu, mbele ya watu wote, akasema ni mzuri.

Siku Nekesa alipoondoka rasmi kwenda kwake, waimbaji walimsindikiza mpaka barabarani, na sauti zao zikapotea nyuma ya miwa. Baba hakwenda nao. Nilimkuta ameketi kwenye kigoda nje, kikombe cha chai mkononi kimepoa, macho yakiwa njiani. Nilikuwa mtoto, nikadhani nikimuuliza kuhusu wazungu atachangamka.

"Baba, wao wanasemaje binti akiondoka?"

 "Hiyo sikuambiwa," akasema. Akamwaga chai, akaingia ndani. Nililia, na sijui nilikuwa nikimlilia nani kati yao wawili.

Baada ya hapo miiko ilififia yenyewe. Mayai yakaenda sokoni kwenye kikapu kimoja, nasi tukawa watu wa kawaida. Nilisikitika kidogo.

Siku hizi methali za Kiingereza ziko kila mahali. Wajukuu wangu ninaoishi nao Kitale, mtaani Tuwan, wananitumia moja kila asubuhi kwenye simu, ina picha ya ua na kikombe cha kahawa. Nikiwauliza mimi bibi yao maana yake wanasema, "Ah, Kukhu, ni nzuri tu, si uforwadi." Hakuna anayeishika hata moja. Juzi mjukuu wangu mmoja alilipiwa mahari, nikavaa gauni langu zuri nikaenda kukaa mbele kabisa. Simu ya baba yake ikalia kidogo, akaisoma, akasema pesa imeingia, watu wakapiga makofi, tukala. Chai yangu ilikuwa bado inatoa moshi. Nilitazama huku na huku nione nani atasimama apige kelele kwamba haitoshi, kwamba mtoto wetu ametukanwa. Mjukuu wangu alikuwa anajipiga picha. Nilitamani nisimame mimi, lakini magoti yamekataa, na pia ningesemwa kwamba nimezeeka.

Kesho yake niliomba nipelekwe Lugulu. Nekesa na Simiyu wapo bado, wamebaki wawili katika nyumba ile, baiskeli kuukuu imeegemezwa ukutani. Tukaletewa nyama. Dada yangu sasa hana jino hata moja, la juu wala la chini, na kicheko chake bado ni kilekile. Simiyu alisogeza sahani yake, akatoa kisu mfukoni, akaanza kumkatia nyama vipande vidogo vidogo, akimwekea kimoja kimoja, huku anaendelea kuniuliza habari za mvua ya Kitale.